Baruti gani uweke kwenye risasi ya kuwindia: mwongozo kamili kwa anayejaza mwenyewe

Mwaka huu peke yake wamepita watu wanne garejini kwangu na kesi ileile. Mtu ameshanunua mashine ya kujazia, maganda anayo, na baruti ameshabeba kopo zima la pauni moja kwa sababu dukani ndo lilikuwa limebaki au lilikuwa na punguzo, halafu ndo anauliza "kaka, hii inafaa kwenye raifo yangu ya .30-06?" Mmoja wao kopo lilikuwa la baruti ya bastola. Bei nzuri kweli, ila angeijaza kwenye raifo ingemtoa jicho.

Kosa la wote ni moja, wanaanza na kopo. Baruti ni ya nne kwenye foleni. Wa kwanza ni mnyama, wa pili kichwa cha risasi, wa tatu kitabu cha vipimo, ndo kopo linafuata.

Nawaandikia hasa ndugu walioko Marekani, huku majimbo mengi yanakuruhusu ujaze risasi zako mwenyewe kwa matumizi yako. Ukianza kuziuza, hata kwa shemeji, hapo unahitaji leseni ya serikali ya shirikisho. Kama uko kwa viza ya muda na huna green card, sheria ya shirikisho inakuzuia hata kumiliki silaha na risasi, isipokuwa una kigezo kinachokubalika kama leseni halali ya uwindaji, kwa hiyo hilo limalize na mwanasheria kwanza kabla hujagusa chochote. Na kule nyumbani, Tanzania au Kenya, kujaza risasi bila leseni ni kesi, usije ukasema mimi ndo nilikufundisha.

Maneno tuelewane

Ganda ni ile shaba. Fataki ni kile kidude cha kitakoni kinachogongwa na pini. Kichwa ni kile kinachotoka mtutuni kwenda kwa mnyama. Nikisema risasi namaanisha kitu kizima kimeshajazwa, na namba kama .30-06 au .308 ni majina ya aina za risasi.

Greini ni kipimo cha uzito, sio punje! Greini 7,000 ni pauni moja, na gramu moja ina greini kama 15.4. Jamaa mmoja alidhani anatakiwa kuhesabu punje za baruti moja moja, tulicheka lakini kosa lenyewe si la kucheka.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Vitabu viwili vya vipimo vya karibuni (vinavyosema baruti kiasi gani kwa kichwa gani), kimoja kiwe cha kampuni iliyotengeneza kichwa unachotumia (Hornady, Nosler, Sierra, Barnes na wengine wanavyo). Kampuni za baruti kama Hodgdon, Alliant na Vihtavuori wanaweka vipimo vyao pia kwenye tovuti zao bure.
- Mizani ya greini pamoja na jiwe lake la kuhakikishia. Kama ni ya umeme hakikisha kwenye kioo imeandika gn (greini) na sio g (gramu).
- Kalipa ya kupima urefu wa ganda na wa risasi nzima.
- Faneli, trei ya maganda na taa yenye mwanga wa kutosha.
- Miwani ya kinga, ya mezani na ya kwenye uwanja wa shabaha.
- Kronografu, yaani kile kifaa cha kupima mwendo wa kichwa. Wengi wanaikwepa kwa sababu ya bei, mimi nasema punguza kitu kingine.
- Daftari.

Kitu ambacho hutakipata humu ni namba ya greini ngapi uweke. Sitaji kwa makusudi. Namba hiyo inatoka kwenye kitabu chenye kichwa chako na baruti yako, haitoki kwangu wala kwa mjomba wako wa Texas.

## Hatua ya 1: Anza na mnyama na kichwa

Amua unawinda nini na kwa kichwa cha uzito gani. Tuseme una .30-06, unataka kulungu na labda elki (kama kulungu ila mkubwa zaidi) mwezi wa kumi milimani Idaho, umechagua kichwa cha greini 165. Hapo tayari umeshakata nusu ya makopo ya dukani.

Andika pia aina ya kichwa, sio uzito tu. Kichwa cha shaba tupu (California wamepiga marufuku risasi zenye madini ya risasi kwenye uwindaji wote tangu Julai 2019, kwa hiyo wa huko hamna ujanja) ni kirefu kuliko cha madini ya risasi chenye uzito uleule, kinaingia ndani zaidi ya ganda na kinasuguana na mtutu tofauti. Vipimo vya kimoja usimpe mwenzake.

Umefanikiwa kama: una mstari mmoja kwenye daftari wenye jina la risasi, kampuni ya kichwa, aina yake na uzito.

## Hatua ya 2: Fungua kitabu, andika baruti zote zilizotajwa

Tafuta ukurasa wa kichwa chako na uandike kila baruti iliyopo, kipimo cha kuanzia, cha mwisho, na mwendo. Fanya hivyo kwenye vitabu vyote viwili, halafu zungushia zile zilizotokea kote.

Kwa nini viwili? Kwa sababu kila maabara ina mtutu wake, maganda yake na fataki zake, hivyo namba hazitalingana na wala haina maana mmoja amekosea. Zikitofautiana anza na ile ndogo.

Kukupa picha, haya ndo majina ya baruti utakayokutana nayo mara nyingi. Kwenye .308 utaona Varget, IMR 4064, Reloder 15, zile 4895, na N140 ya Vihtavuori, wale Wafini. Kwenye .30-06 utaona familia ya 4350 kila kona, na 4064 kwa vichwa vyepesi. 6.5 Creedmoor na H4350 ni kama chai na maandazi. .270 na .243 zinapenda H4831 na majirani zake, 7mm Remington Magnum na .300 Winchester Magnum unaenda mpaka Reloder 22 na H1000. Hata .375 H&H, ile ya kuwindia nyati, pamoja na ukubwa wake inakula 4350 au Reloder 15 vizuri tu.

Onyo: kama baruti haimo kwenye kitabu chochote kwa kichwa chako, haipo. Usikadirie.

## Hatua ya 3: Elewa kwa nini nyingine ni za haraka na nyingine polepole

Hapa ndo watu wanapotea kwa hiyo twende taratibu.

Baruti ya raifo inaungua, hailipuki. Inaungua kwa kasi ya kutisha lakini inaungua, gesi inajaa na kusukuma kichwa. Kuna zinazowaka kama nyasi kavu, puu zimeisha, na kuna zinazowaka kama gogo la mkwaju. Unachotaka ni presha ipande vizuri isivuke mpaka wa bunduki, na iendelee kusukuma kichwa kikiwa kinasafiri mtutuni. Mpaka huo upo kwa namba kabisa, .30-06 viwango vya Marekani vinaweka psi (pauni kwa inchi ya mraba) 60,000, .308 ni 62,000, .270 ni 65,000, wakati .30-30 ya zamani ni 42,000 tu.

Sasa fikiria mechi ya Simba na Yanga imeisha pale uwanja wa Mkapa. Watu wengi, mlango mwembamba. Wote wakikimbilia mlangoni kwa sekunde moja kuna watu watakufa, wakitoka taratibu wote wanafika nyumbani. Ganda kubwa lenye mdomo mwembamba, kama la .243 au .270, ndo uwanja huo, linataka baruti ya polepole. Ganda pana lililonyooka kama la .45-70 mlango wake ni sawa na ukumbi, linavumilia baruti ya haraka zaidi.

Kichwa kizito nacho ni mlango mzito kufunguka. Ndo maana kwenye ganda lilelile kichwa kikiongezeka uzito orodha ya kitabu inasogea kwenye baruti za polepole.

Watu pia wananiambia "mtutu wangu mfupi, inchi 20, kwa hiyo nichukue ya haraka". Hapana. Mara nyingi baruti inayotoa mwendo mkubwa kwenye mtutu mrefu ndo hiyohiyo inayoongoza kwenye mfupi, utapoteza mwendo kiasi na moto wa mdomoni utaongezeka, basi.

Onyo la kwanza: zile orodha za kupanga baruti kutoka ya haraka mpaka ya polepole zinakuonyesha foleni tu. Hazisemi kati ya namba 90 na 91 kuna umbali gani, na foleni yenyewe inabadilika kutoka risasi moja hadi nyingine. Kusema "hii iko jirani na ile kwa hiyo natumia vipimo vya ile" ndo njia ya kupasua bunduki.

Onyo la pili: kushuka chini ya kipimo cha kuanzia sio usalama zaidi. Baruti ya polepole ikiwekwa kidogo ndani ya ganda kubwa imewahi kuleta presha za ajabu zinazovunja bunduki. Ukitaka risasi laini za kumfundishia mtoto, H4895 inajulikana kwa kazi hiyo na Hodgdon wenyewe wametoa maelekezo ya jinsi ya kuipunguza. Fuata hayo, na usiyahamishie kwenye baruti nyingine.

Onyo la tatu: baruti ya bastola na ya shotigani haina kazi kwenye mwongozo huu, iondoe mezani. Na baruti nyeusi ya gobore ni kitu kingine kabisa, ile na hii hazibadilishani kwa upande wowote.

## Hatua ya 4: Chagua inayojaza ganda

Kwenye orodha uliyobaki nayo angalia ipi inajaza ganda vizuri, asilimia 85 mpaka 100 hivi. Vitabu vingine vinaandika hiyo asilimia, au vinaweka alama kwamba baruti inabanwa kidogo na kichwa.

Faida ya kwanza, ganda likijaa baruti hailali upande mmoja na kucheza, fataki inaiwasha vilevile kila mara na mwendo unakuwa sawa.

Ya pili ni ya kuokoa maisha. Nikimwaga kipimo cha H4350 mara mbili kwa bahati mbaya kwenye ganda la .30-06 inafurika, inamwagika mezani, hata kipofu atajua. Baruti ya haraka inayokaa robo ganda unaweza kuweka mara mbili na ukafunga kichwa juu yake bila kushtuka. Kwa anayeanza sababu hii pekee inatosha.

Umefanikiwa kama: umebaki na baruti mbili au tatu, na ukimulika tochi kwenye trei unaona zote zimesimama usawa mmoja karibu na shingo.

## Hatua ya 5: Joto na baridi

Unajaribu risasi Agosti kwenye nyuzi 35, unawinda Novemba kwenye barafu, au kinyume chake. Baruti nyingine hazijali sana. Nyingine zikipata joto presha inapanda, zikipata baridi mwendo unashuka na risasi inapiga chini ya ulipolenga.

Kinyume chake ndo kibaya zaidi. Jamaa alipanda mpaka kipimo cha mwisho mwezi wa kwanza theluji iko nje, ikawa safi kabisa. Mwezi wa nane akaenda shabaha, sanduku la risasi lilikuwa juu ya dashibodi jua linachoma, risasi ya kwanza bolti (chuma unachovuta kufungua bunduki) ikagoma kufunguka, akawa anaipiga na kiganja. Kipimo kilikuwa kilekile ila hali ya hewa ilibadilika.

Zinazosifika kwa kutulia ni zile Hodgdon wanaita Extreme (Varget, H4895, H4350, H4831, H1000, zinatengenezwa Australia), na Reloder 16 ya Alliant. Zile za punje za mviringo za zamani mara nyingi zinayumba zaidi, na kwenye baridi kali baadhi zinataka fataki ya magnum (yenye moto mkali zaidi), lakini hilo nalo kitabu ndo kinasema, usibadilishe fataki kichwakichwa kwa sababu nayo inapandisha presha.

Kama unawinda tambarare sehemu moja kwa umbali wa yadi 100, hatua hii isikunyime usingizi.

## Hatua ya 6: Umbo la punje

Fupi tu. Punje za vijiti mara nyingi zinatulia na joto lakini ndefu zinakwama kwenye mashine ya kumwagia, unasikia inakata kraa kraa na kipimo kinayumba. Ndo maana kuna H4831SC, vijiti vilevile vimekatwa vifupi. Punje za mviringo kama H335 au TAC zinamwagika kama maji. Kama unapima kila moja kwenye mizani, na kwa risasi 40 za msimu unapaswa kupima, umbo lisikusumbue.

## Hatua ya 7: Soma jina lote la kwenye kopo, herufi kwa herufi

Nilishawahi kuambiwa na muuzaji "4350 ni 4350 tu, chukua hiyo". Sio kweli hata kidogo. Kuna IMR 4350, kuna H4350, kuna Accurate 4350, tatu tofauti na kila moja ina vipimo vyake. Kuna IMR 4895 na H4895. Kuna IMR 4831 na H4831, na hapa uwe makini haswa kwa sababu H4831 ni ya polepole zaidi, ukichukua kipimo chake cha mwisho ukajaza IMR 4831 umevuka mpaka wa presha huku daftari linakuambia uko salama.

Kuna kichekesho upande wa pili, H414 na Winchester 760 zenyewe ni baruti moja yenye majina mawili. Hata hivyo fuata vipimo vya jina lililo kwenye kopo lako, kwa sababu ukishazoea "hizi ni moja" siku moja utaisema mahali pasipo.

Sasa aibu yangu. Miaka ya mwanzo nilikuwa na makopo mawili wazi mezani, simu ikaita, nikaongea na mama karibu nusu saa, kurudi nikamwaga baruti iliyobaki kwenye mashine kurudisha koponi na nikakaa nikitazama ile faneli, sikumbuki ilitoka kopo lipi. Zote za rangi ya kijivu, vijiti vinafanana. Nilitupa pauni karibu nzima. Tangu hapo mezani kwangu linakaa kopo moja tu, lingine liko chumba kingine, na kwenye mashine nabandika karatasi yenye jina hata kama ni kwa dakika tano.

Baruti isiyo na jina, iliyo kwenye chupa ya jemu na maandishi ya kalamu, uliyoachiwa na mzee fulani, haijazwi. Hakuna kipimo cha macho. Hata ikifanana kabisa.

## Hatua ya 8: Panda ngazi

Umeshachagua, nunua kopo moja la pauni. Sio la pauni nane, utajua baadaye kama bunduki yako inalipenda. Pauni moja kwenye .30-06 inatoa risasi zaidi ya mia, inatosha kujaribu na kuwinda.

1. Anza na kipimo cha kuanzia cha kitabu. Kama kitabu kimeandika cha mwisho tu, punguza asilimia 10.
2. Jaza tatu tatu, kila kundi ukiongeza kama asilimia 1. Andika kila kundi kwenye karatasi ya sandukuni.
3. Piga ukianza na dogo kabisa, ukiangalia ganda na kronografu kila risasi.
4. Simama bolti ikiwa nzito kufungua, ukiona kitako cha ganda kina alama inayong'aa ya ejekta (kidude kinachorusha ganda nje), fataki imebonyea bapa kabisa, au tundu la fataki limelegea. Zilizobaki juu yake usizipige, nenda ukazifungue nyumbani.

Dalili hizo huja zimechelewa, mara nyingi ukiziona presha imeshavuka zamani. Ndo maana nasisitiza kronografu. Kitabu kikisema mwisho ni futi 2,800 kwa sekunde kwenye mtutu wa inchi 24, na wewe wa inchi 22 unapata 2,900, usishangilie. Hakuna mwendo wa bure, umeulipia kwa presha.

Maganda ya jeshi mara nyingi ni mazito na nafasi ndani ni ndogo, ukihamia hayo rudi chini uanze upya. Vivyo hivyo ukibadilisha kichwa, fataki, au hata ukinunua kopo jipya la baruti ileile lenye namba nyingine ya toleo.

Umefanikiwa kama: risasi tatu zinaingia ndani ya inchi moja na nusu kwenye yadi 100, bolti inafunguka kwa vidole viwili, mwendo haurukiruki, na bado uko chini ya kipimo cha mwisho. Ukifika hapo acha. Kulungu hajui tofauti ya futi 50.

## Hatua ya 9: Kuitunza

Baruti ikae kwenye kopo lake, mahali pakavu pa baridi, mbali na hita ya maji ya garejini na mbali na watoto. Viwango vya zimamoto Marekani vinakubali mpaka pauni 20 nyumbani zikiwa kwenye makopo ya asili, ukizidisha hapo unatakiwa uwe na sanduku la mbao nene. Usiifungie kwenye sefu ya chuma ya bunduki. Baruti ikiwaka wazi ni moto mkubwa, ila ikiwaka ndani ya chuma kilichobana ni bomu.

Kila ukifungua kopo nusa. Nzima inanuka kidogo kama spiriti. Ikinuka kali ya asidi, au ukaona vumbi jekundu kama kutu au moshi wa kahawia ukitoka, imeoza, itoe nje ya nyumba siku hiyohiyo. Kiasi kidogo kitawanye chembamba juu ya nyasi za uani, usimwage chooni na usiiache kwenye pipa la taka, na yale makopo matupu futa jina kabla hujayatupa ili mtu asije akayaokota akajazia kitu kingine.